Ukuta wa Kitwana na Kifungu cha Kumi na Moja

Mwalimu Winifrida ananichosha. Wiki ya tatu sasa, kila nikifika darasa la kina mama pale Mnazi Mmoja, hata mkoba sijauweka chini, swali ni lile lile: "Bi Mwanamvua, ile habari umeandika?" Sijaandika. Anataka kila mmoja wetu aandike maisha ya mtu wa mtaani kwake, mtu wa kawaida, yawekwe kwenye kijitabu cha darasa wasome watu. Nikamuuliza, mtu wa kawaida ndiyo nani? Akacheka. Mimi sikucheka.

Mimi sikuja darasani kwa ajili ya hadithi. Nimekuja mtu mzima, nina mvi, magoti yananiuma kwa kukaa kwenye viti vya watoto, kwa sababu nilitaka kujua kuandika barua moja tu. Hiyo barua nimekwisha kuiandika na hakuna aliyeijibu. Sasa naambiwa niandike kwa kujifurahisha. Haya. Nitaandika. Lakini sitaandika kwa bure, na bei yangu utaikuta mwisho.

Mimi ni Mwanamvua binti Kondo. Nimezaliwa Kisarawe, nimeolewa hapa Kariakoo, nyuma ya soko, na hapa ndipo nilipo. Kazi yangu ni kusuka mikeka. Mume wangu alikuwa Kitwana, fundi wa mawe na chokaa. Kama umewahi kupita mjini ukaona ukuta mweupe umesimama umenyooka kama mtu anayesali, huenda ni wake. Kajenga nyumba za watu, kajenga maduka, kajenga nyua za matajiri. Nyumba yetu sisi ilikuwa ya miti na udongo kama za wenzetu, na nilimsema sana kwa hilo. Nilimwambia, "Fundi mzima, unalala nyuma ya udongo!" Akawa ananijibu, "Ngoja, bibi we, la kwako litakuja."

Likaja. Alipoanza kuona kifua chake kibovu alisema atanijengea ukuta wa mbele kwa mawe, na baraza yake, kabla hajalala chini. Chokaa yake aliilaza shimoni uani miezi sita, anaimwagia maji, anaifunika kwa magunia, watoto wakisogea anawafukuza kwa fimbo. Mafundi wengine wanailaza wiki mbili wanajenga. Yeye alisema chokaa isiyolala vizuri inamwaibisha fundi akiwa kaburini. Akachimba msingi mpaka kwenye goti, akapanda na mawe moja moja, timazi mkononi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima, anakohoa, anapanda. Kiangazi cha kwanza akafika kimo cha dirisha. Kiangazi cha pili akamaliza. Siku aliyomaliza aliupiga teke mbele ya watu. Akasema, "Mwanamvua, nyumba nzima itaanguka, huu utabaki." Akakaa barazani akaomba chai.

Kiwanja kilikuwa cha serikali. Hilo lazima nilieleze ujue mapema. Kariakoo sisi tulikuwa na nyumba, ardhi ya chini yake hatuna. Unapewa karatasi, unalipia kila mwaka, unakaa. Mimi nilidhani maana yake ni kwamba udongo ni wao na ukuta ni wangu. Nilidhani hivyo miaka mingi.

Kitwana alikufa mwaka wa hamsini na nne, masika yanakaribia. Nikaingia eda. Watu wangu wanajua, lakini kijitabu hiki watasoma na wengine, basi niseme: mwanamke akifiwa na mume anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Kwetu anaitwa kizuka. Anavaa nguo nyeupe, hajipambi, hatoki, na wanaume wasio wa kwao hawasemi naye. Nilikaa chumba cha mbele, nyuma ya ukuta wake, nikisuka ukili wa mkeka. Wifi yangu Mwajabu ndiye aliyekuwa mdomo wangu na miguu yangu. Akija mtu barazani, Mwajabu anatoka, anasikiliza, anarudi kuniambia.

Siku ya kumi ya eda nikasikia watu nje wanapiga gundi. Mwajabu akarudi akasema ni watu wa kampuni, wamebandika ilani ukutani.

"Ukutani kwangu?"

"Ukutani kwako. Umenyooka zaidi, wanasema karatasi inakaa vizuri."

Nilikuwa na mpangaji chumba cha uani, kijana wa Moshi, Elieshi, karani wa bandarini, Mkristo mwenye adabu zake. Akaisoma ilani, akasimama ukumbini, akasema kwa sauti ili pazia lisikie: "Shikamoo, mama. Serikali imepatana na kampuni ichimbe mtaro wa maji ya mvua kupita mtaa huu. Mwenye malalamiko ayapeleke ofisini ndani ya siku sitini."

Nikamnong'oneza Mwajabu, Mwajabu akamwambia: "Anasema marahaba. Anasema malalamiko gani, na hakuna kilichoharibika bado?"

Tukacheka, hata mimi kizuka nilicheka.

Wakachimba. Mtaro wa kimo cha mtu, hatua moja tu kutoka kwenye baraza yangu. Mchana kutwa sururu, kikombe kinatetemeka kwenye sahani. Kisha masika yakashuka, wakauacha wazi wakaenda zao. Maji yakajaa, yakasimama, yakaanza kula upande wetu. Mimi nayasikia usiku na mchana yakimega, plup, plup, chini ya msingi wa Kitwana. Mwajabu alikwenda mara mbili kumwambia msimamizi wao aweke mbao za kuzuia udongo usimeguke. Msimamizi akamwambia mbao zitakuja.

Ukuta ulianguka saa nne asubuhi, jua linawaka, mvua imekatika, watu wa kampuni wamerudi kutoa maji mtaroni kwa ndoo. Haukubomoka vipande. Uliinama wote mzima, kama mtu anayeokota kitu, ukaingia mtaroni na baraza yake na ilani yao juu yake. Upande wa kushoto ukabaki umesimama, upana wa mlango. Na mimi nikabaki nimekaa kwenye mkeka, nguo nyeupe, ukili mkononi, uso kwa uso na barabara nzima ya Kariakoo.

Sikuweza kunyanyuka. Nikasikia wanawake wanapiga kelele, wanakuja mbio wanavua khanga zao kunisitiri. Lakini kabla hawajafika nikaona jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. Wale vibarua waliokuwa mtaroni, watu wazima kumi na kitu, mmoja akasema, "Jamani, kizuka!" Wakageuka wote. Wakaweka ndoo chini wakanipa mgongo, wamesimama kwenye tope mpaka magotini, mpaka nilipokwisha kufunikwa. Wale sina ugomvi nao. Andika hilo, Mwalimu, usilifute.

Jioni yake Elieshi akaja ukumbini. "Mama, leo ni siku ya arobaini na moja tangu ilani. Zimebaki kumi na tisa. Nikuandikie sasa hivi, uweke dole gumba, mimi nitapeleka."

Sasa hapa ndipo watu wananilaumu. Mwajabu ananilaumu mpaka leo. Nilikataa. Mtu kizuka jina lake lizunguke maofisini, dole lake lishikwe na wanaume kwenye meza? Tena ukuta wa mume wangu, aliyeuona ukianguka ni mimi, nitamtuma mpangaji akaulilie? Nikasema nitakwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, nitasema kwa mdomo wangu, eda ikiisha.

"Zitakuwa zimepita, mama."

Mwajabu akamjibu kwa niaba yangu, na hili alilitunga mwenyewe: "Iambie serikali nayo ikae eda, ione kama ni mchezo."

Eda ikaisha. Nikaoga, nikavaa, nikachukua buibui, nikashika njia ya Mnazi Mmoja mpaka mjini, kwenye ofisi moja ya ghorofa karibu na Posta. Sitaitaja. Karani alikuwa kijana mmoja, nywele kazichana njia katikati.

"Umechelewa, bibi. Siku sitini zimekwisha karibu miezi miwili sasa."

"Nilikuwa eda."

"Najua. Pole sana. Lakini ilani haisemi eda."

"Walioiandika hawajui watu wanakufa?"

Akakuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Akaingia ndani akarudi na karatasi. Akasema ingawa nimechelewa, kwa huruma, kampuni itanipa mifuko ya saruji na itanitengenezea upande wa mbele. Niweke dole hapa tu. Nikamwambia anisomee kwanza. Akasoma haraka haraka. Nikamwambia polepole. Akasoma tena. Karatasi ilisema kwamba ukuta ule ulianguka kwa kuwa ulikuwa umejengwa vibaya.

"Nani kasema?"

"Ndivyo walivyoandika mainjinia."

"Waliuona? Waliuona umesimama?"

"Bibi, haya ni maneno ya karatasi tu. Weka dole, saruji ni mali."

Nikamwambia, "Mwanangu, mume wangu chokaa yake ililala miezi sita. Wewe ulilala miezi mingapi tumboni, tisa? Basi nikikuangusha mtaroni niseme mama yako alikuzaa vibaya?" Watu wa foleni wakacheka. Nikaondoka na dole langu.

Nikaenda kortini. Sikutaka saruji tena, sikutaka hata ukuta. Nilitaka hakimu akae, na mtu wa kampuni asimame hapa, mimi nisimame pale, na hakimu aulize: nani alimwangusha mwenzake, ukuta au mtaro? Aseme mbele ya watu kwamba Kitwana hakujenga vibaya. Basi. Nimekaa Kariakoo tangu niolewe, nimeona watu wanashtakiana kwa kuku, kwa mke, kwa tusi. Mtu alishtakiwa kwa kumwaga maji machafu mlangoni kwa jirani, na korti ikakaa siku mbili. Sikujua kuna shauri ambalo korti inaweza kulikataa hata kulisikia.

Karani wa korti aliniuliza jina, kiwanja, mtaa. Nilipotaja mtaa akaweka kalamu chini.

"Unamshtaki nani?"

"Kampuni ya mtaro."

"Huwezi."

"Kwa kuwa nimechelewa?"

"Siyo kuchelewa. Serikali na kampuni wana mkataba. Kifungu cha kumi na moja. Wakaaji wa mitaa ile hawana kesi kortini juu ya mtaro, si kwa kampuni, si kwa serikali. Malalamiko yanakwenda kwenye kamati."

"Mkataba huo mimi niliweka dole?"

"Serikali iliweka kwa niaba yako, bibi. Kiwanja ni chake."

"Na ukuta?"

Akaokota kalamu yake. Akaita, "Anayefuata!"

Nilirudi nyumbani nikijila mwenyewe. Maana pamoja na maneno hayo, moyoni niliamini kosa ni langu. Ningeweka dole siku ile ya arobaini na moja, kamati ingenisikia. Nilikosa kwa kiburi changu. Nilikuwa nikisuka nafumua, nasuka nafumua. Mwajabu anaokota ukili niliofumua, ananirushia mapajani.

Mpaka siku moja nilikwenda kununua sindano dukani kwa Mansukhlal. Huyu ni Mhindi wa duka la vitambaa upande wa pili wa barabara, jirani wa miaka. Mkewe Ranjanben ndiye aliyeniletea maziwa nilipofiwa, akiyaweka kizingitini asivunje eda yangu. Mtaro ule ulikuwa umeingiza maji ghalani kwake, majora yote ya chini yakaoza. Nikamwambia, "Wewe mwenzangu angalau una wakili. Mimi nilichelewa."

Mansukhlal akaacha kupima kitambaa. "Mama, kaa. Mimi napeleka siku ya nne. Ya nne! Bado hata watu hawajamaliza kuosha mikono gundi. Wakili yangu ameandika kurasa sita, Kiingereza kizuri, Ranjanben amelia akisomewa."

"Kamati ikasemaje?"

"Kamati iko watu wawili. Mmoja bwana wa ofisi, aliyeweka sahihi mkataba. Mwingine injinia ya kampuni, aliyechimba mtaro. Wamekaa, wamekunywa chai, wamesema ghala yangu imejengwa vibaya."

"Vibaya?"

"Vibaya. Babu yangu amejenga, wakati wa Mjerumani. Imesimama vita mbili. Wakili anasema twende korti. Korti anasema, kumi na moja." Akanyoosha vidole vya mikono yote miwili, kisha akaongeza kimoja cha mguu, kakivua kabisa kutoka kwenye kiatu. Ranjanben akamfokea kwa Kihindi. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na yalipotoka hayakuwa ya kicheko tena.

Kwa hiyo, Mwajabu, soma hapa, au usomewe: siku ya nne na siku ya mia na ishirini ilikuwa kitu kimoja. Mwanaume mwenye wakili na mwanamke kizuka walikuwa kitu kimoja. Zile siku sitini zilikuwa za kutufanya tulaumiane sisi kwa sisi. Mlango haukufungwa nilipokuwa eda. Mlango haukuwepo.

Nikasema basi, nionyeshwe huo mkataba. Nikione hicho kifungu kwa macho. Nimekwenda ile ofisi ya ghorofa mara tisa. Mara karani hayupo. Mara faili liko kwa mkubwa. Mara mkubwa amekwenda Ulaya kupumzika. Mara ya sita wakaniambia mkataba ni kati ya serikali na kampuni, na mimi si mmoja wao, kwa hiyo haunihusu. Nikasema kama haunihusu, mbona unanizuia? Askari wa mlangoni akanishika mkono taratibu, "Twende, mama, twende." Mara ya tisa wakasema niandike barua. Sikujua kuandika. Elieshi alikuwa amehamishiwa Tanga, na nilikwisha kuapa kwamba shauri hili halitasemwa na mdomo wa mtu mwingine.

Ndiyo maana nikaja kukaa kwenye vile viti vya watoto, Mwalimu. Miaka miwili kujifunza a, e, i. Barua yangu ilikuwa na mistari minane: naomba nisomewe kifungu cha kumi na moja. Nimeipeleka mwenyewe, wakaipiga muhuri mbele yangu. Huu ni mwezi wa saba tangu siku hiyo.

Sitaki kusema uongo: mtaro ule unafanya kazi. Mvua ikinyesha, maji hayaingii tena vyumbani kama zamani. Wajukuu wa Mwajabu wananiambia, "Bibi, si unaona faida?" Naiona. Mimi sikusema wasichimbe. Nilisema waweke mbao.

Mbele ya nyumba yangu mpaka leo ni mkeka. Kampuni ilitaka kujenga nikakataa, majirani walitaka kuchanga nikakataa, na watu wa mtaani wamenipa jina, Bi Jamvi. Wapite na jina lao. Kile kipande cha kushoto, upana wa mlango, bado kimesimama peke yake. Masika manne yamekipiga, hakina nyufa. Kimesimama pembeni ya mtaro ule ule, bila mwenzake wa kukishika.

Sasa bei yangu. Mwalimu Winifrida, wewe unajua Kiingereza. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakungoja Mnazi Mmoja, tutakwenda kwa miguu mpaka Posta, na utauliza faili kwa Kiingereza chako, na hutasema wewe ni nani, utasema umekuja na mimi. Vaa viatu vya kutembelea.

Na wewe mwingine unayesoma, usifunge kijitabu ukasema maskini Bi Mwanamvua. Korti haitaki kusikia, basi nakusanya mashahidi mwenyewe. Njoo Kariakoo, nyuma ya soko, uliza nyumba yenye mkeka mbele. Kipige kile kipande cha ukuta. Kipige ngumi, kipige teke, kama wewe ni fundi njoo na timazi yako. Kisha uchukue karatasi uandike kama kimejengwa vizuri au vibaya, utie jina lako na mtaa wako. Asiyejua kuandika aje vilevile, nitamwandikia mimi. Mpaka leo ninazo karatasi thelathini na moja, na ya kwanza ni ya Mansukhlal, kaandika kwa Kigujarati. Ya thelathini na mbili niletee wewe.